Masika ya Bi Siti

Jumamosi, 28 Machi 1970

Leo nimepewa kipaza sauti. Mimi, Tabia binti Hasan, mpiga taipu wa ofisi ya gari la sinema hapa Unguja, nimepewa kipaza sauti mbele ya wanaume sita.

Ilikuwa hivi. Bwana Muhiddin, mkuu wetu, aliingia chumba cha taipu na makopo mawili ya mkanda wa sinema, kayashika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Filamu imetoka ubalozi mmoja Dar es Salaam. Inaonyesha maisha ya watu wa Falastini: waliofukuzwa makwao kwa vita wakaishia kambini, na wale ambao vijiji vyao vimekaliwa na jeshi la Israeli huu mwaka wa tatu. Tutaizungusha mitaani masika yote. Tatizo ni kwamba watu wote ndani yake wanasema Kiarabu kitupu.

"Nani hapa anajua Kiarabu?" akauliza.

Wanaume wote wakatazama viatu vyao. Siku hizi, ukisema unajua Kiarabu, watu wanataka kujua na mashamba yenu yalikuwa wapi kabla ya Mapinduzi. Mimi sina shamba wala sina haya.

"Mimi nakijua. Nimesoma chuo cha Kurani, kisha kwa ami yangu miaka saba."

Akanitazama juu mpaka chini. "Haya. Fasiri masika haya. Ukiweza, kazi ya kipaza sauti ni yako moja kwa moja. Ukiharibu, taipu yako iko pale pale."

Taipu hiyo herufi yake ya M inaruka na kiti chake kina msumari. Sirudi.

Jumatatu, 30 Machi

Tumeitazama filamu mara mbili ofisini, mimi na Machano. Machano ndiye dereva na ndiye fundi wa mashine, Mtumbatu, hodari wa kucheka peke yake.

Dakika arobaini. Kuna mahema kwenye matope, ng'ambo ya mto, katika Jordan. Kuna msichana wa miaka minane hivi anayetuongoza, na kuna kikongwe anayelea msichana huyo, mwenye uso wa kugomba na mikono isiyotulia. Mkanda wa pili unavuka mto: wanaume wamepangwa mstari wakikaguliwa vyeti vyao na askari, nyumba inapigwa baruti mwenyewe akiwa amesimama na godoro kichwani, watu wanachuma zeituni huku bunduki inawatazama. Kisha tunarudi hemani kwa kikongwe.

Kiarabu chao kinakimbia. Si kile cha ami yangu, ambacho kila neno lilikuja limevaa vizuri. Nimepata nusu. Basi tuseme robo tatu. Msichana kila saa anamwita kikongwe "Sitti! Sitti!", kwa hivyo jina nimelipata: Bi Siti. Shida ni mwisho kabisa. Bi Siti anainua uso, anaitazama mashine ya kupigia picha, anasema maneno machache, na sauti hapo inakwaruza. Sikuambulia kitu.

"Sasa hapo utasemaje?" Machano akauliza.

"Yatakuja yenyewe," nikamwambia.

Alhamisi, 2 Aprili

Yamekuja yenyewe!

Tulianza Kikwajuni, mtaani kwangu, nje, baada ya sala ya isha. Mikeka ilijaa mpaka barabarani. Mbele kabisa alikaa jirani yangu Bi Sichana, mpika chapati, ambaye akikaa mbele ya kitu, kitu hicho ni chake. Nilitetemeka mpaka kipaza sauti kikagonga meno. Halafu Bi Siti akatokea, akatandaza donge la unga juu ya chuma kilichofudikizwa motoni, na Bi Sichana akapiga ukelele:

"Jamani, anapika chapati mgongoni mwa karai! Na haiungui!"

Watu wakacheka na mimi nikapona. Kuanzia hapo nilimfasiri Bi Siti kwa sauti yake Bi Siti, nikimgombeza mtoto asikanyage unga, nikihesabu vyumba vya nyumba aliyoiacha, kimoja kimoja, pamoja na kisima.

Aliyenitia wasiwasi ni Mzee Jaku, seremala. Huyu babu zake walitoka bara, na kwa Mwarabu yeyote ana hesabu ndefu. Alisimama katikati ya filamu.

"Ngoja kwanza, Bi Tabia. Hawa ni Waarabu?"

"Ni Waarabu, mzee."

"Na hilo tambara ndiyo nyumba yao?"

"Ndiyo."

"Mimi milango ya Waarabu nimeichonga miaka arobaini," akasema. "Sijapata kuona Mwarabu asiye na mlango." Akakaa, na hakusema tena. Mzee mkorofi huyu, nilifikiri, kesho atanisemea kwa Bwana Muhiddin.

Ikafika ule mwisho. Bi Siti akainua uso. Sauti ikakwaruza. Watu mia tatu wakanigeukia. Nikafungua kinywa, na hiki ndicho kilichotoka: "Anasema, tutarudi kwetu inshallah, na siku hiyo nyote mtakuja kula mkate wangu."

"Inshallaaah!" mtaa mzima ukaitikia.

"Mwambie mchuzi nitakuja nao mimi!" akapaza Bi Sichana.

Bwana Muhiddin alinipa mkono. Si uongo ule. Ni tafsiri iliyonenepa kidogo tu.

Ijumaa, 3 Aprili

Sokoni watu watatu wameniuliza hali ya Bi Siti. Nimewajibu hajambo.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Gari limezama Kilimani mpaka kwenye vizingiti vya milango. Hakuna sinema.

Jumamosi, 11 Aprili

Mlandege. Wenye maduka walifunga mapema wakaja na viti vyao. Katikati ya mkanda wa kwanza mvua ikashuka, na kwenye pazia nako mvua inanyesha juu ya mahema, Bi Siti anakinga maji kwa sufuria. Nilidhani watu watakimbia. Wakainua mikeka vichwani wakabaki. Mama mmoja akasema, "Yeye analala humo, sisi saa moja itushinde?" Machano alivua koti lake akaifunika mashine, akasimama na fulana akirowa, na hata hivyo anacheka.

Mzee Jaku naye alikuwepo. Kafuata nini?

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Kikohozi. Chai ya tangawizi.

Alhamisi, 23 Aprili

Bububu, ukumbi wa skuli, mchana, madirisha yametundikwa mablanketi. Habari zimetutangulia: kabla Machano hajawasha mashine watoto waliuliza, "Bi Siti kesha kuja?"

Lazima niandike ukweli hapa, maana hapa hapasomi mtu. Mwaliko wa Bi Siti umekua. Kikwajuni ulikuwa mkate. Mlandege uliongezeka zeituni. Leo Bububu nilijisikia nikisema atawachinjia na mbuzi. Machano alinitazama juu ya mashine, mabega yanamtikisika.

Na Mzee Jaku alikuja! Kwa baiskeli, matope mpaka magotini, maili sita. Baada ya sinema nikamwendea, nimechoka kumwogopa.

"Shikamoo, mzee. Hii ni mara ya tatu. Kuna kosa?"

"Marahaba. Kosa lipo. Ule mti wa katikati wa hema wameuchimbia kifupi. Ukija upepo wa maana unawaangukia. Nnatazama kila mara labda nimeona vibaya." Akafuta tandiko la baiskeli kwa kiganja. "Bibi yangu alichukuliwa mtumwa kutoka Nyasa, mdogo kama yule mtoto. Mpaka anazeeka alikuwa akisema, tutarudi. Hivi hivi, anakanda unga, anasema tutarudi. Hakurudi."

Nimekaa na mzee huyu mtaa mmoja toka kuzaliwa na nilikuwa nikijua tu kwamba ana bei kali. Tulimpakia garini yeye na baiskeli yake, akamweleza Machano njia nzima namna ya kuchimbia nguzo.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Gwaride limerowa lote. Nimelala.

Jumatano, 6 Mei

Bi Sichana amekuja ofisini na wanawake kumi na mbili wa Kikwajuni na Mlandege. Wamebeba mzigo: doti nne za kanga, sabuni, kopo la bizari, na ubao wa kusukumia chapati aliouchonga Mzee Jaku. Umefungwa kwa gunia, umeshonwa, na juu yake mtu mwenye mwandiko mzuri ameandika kwa rangi nyekundu: BI SITI, FALASTINI.

Bwana Muhiddin alifurahi mpaka akaagiza soda. Kumbe kuna mgeni anakuja, daktari kijana wa Kifalastini anaitwa Yusri, yuko Dar es Salaam kwa mkutano. Atafika tarehe 23 kuona onyesho la mwisho, Kikwajuni, na mzigo atauchukua yeye.

"Na barua yako ya kazi, Bi Tabia," akanong'ona, "nitakupa siku hiyo hiyo, mbele ya mgeni."

Nimetembea mpaka nyumbani bila mwavuli na sikuhisi mvua.

Jumanne, 12 Mei

Nimekwisha.

Bahasha imekuja kutoka ubalozini, imechelewa wiki sita. Ndani mna maneno yote ya filamu, yamepigwa taipu kwa Kiarabu safi, kila msemaji na jina lake. Nilifungua kwa raha zangu, nijisifu nimepata mangapi. Ukurasa wa kwanza: mtoto, Hanan. Anayemfuata: jadda yake Hanan, yaani bibi yake. Jina la bibi halikuandikwa popote. Na pale mtoto anapoita "Sitti", pembeni wameeleza: neno la nyumbani, maana yake "bibi yangu".

Bibi yangu! Wiki sita nimekuwa nikiitangazia Unguja nzima kwamba kikongwe yule anaitwa Bibi Yangu. Kuna doti nne za kanga zimeshonwa guniani kwenda kwa Bibi Yangu, Falastini. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Ami yangu angenitandika.

Kisha nikafika ukurasa wa mwisho na kicheko kikakatika.

Mtoto anamwambia: Sitti, sema na watu. Na kikongwe anaitazama mashine na kujibu: "Watu gani? Mimi nakiona chuma tu. Yupo mtu huko anayenisikia?"

Basi. Filamu inaishia hapo. Hakuna tutarudi, hakuna mkate, hakuna mbuzi. Aliuliza swali, na kila alipouliza mimi nilimziba mdomo nikaweka maneno yangu, watu wakaniitikia mimi.

Naona haya. Si haya ya kukosea, hayo nimezoea. Naona haya kwa yule bibi.

Jumatano, 13 Mei

Nilimwonyesha Machano. Nikamsomea ukurasa wa mwisho kwa Kiswahili, na safari hii hakucheka.

"Mgeni hajui Kiswahili," akasema. "Watu hawajui Kiarabu. Anayejua vyote viwili ni wewe peke yako. Ukiendelea na mkate wako, nani atakwambia kitu? Unapokea barua yako, unakwenda zako."

"Na nikisema kweli?"

"Ukisema kweli, Bwana Muhiddin atakuuliza wiki zote hizo ulikuwa ukifasiri nini. Na Bi Sichana..." Hakumaliza. Bi Sichana hasamehi hata chapati iliyoungua.

Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri siku nzima juu ya taipu, na M inaruka.

Jumatatu, 18 Mei

Maulidi. Halua, kahawa, ubani. Bi Sichana amemwombea dua Bi Siti kwa jina, na wanawake wote wakasema amin. Nimesema amin na mimi, halua ikanikwama.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua imekatika. Jua la kuanikia.

Jumamosi, 23 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Onyesho lilikuwa alasiri, ukumbini Kikwajuni, mablanketi madirishani. Mtaa mzima ulikuja, Mlandege wakaja, na lori moja la Bububu. Mzigo wa gunia uliwekwa mezani, mbele. Daktari Yusri ni kijana mwembamba, miwani, na Kiarabu chake kinakimbia kama kile cha filamu. Bwana Muhiddin alikuwa na bahasha katika mfuko wa shati. Niliiona ncha yake.

Machano aliweka mkono kwenye swichi akanitazama. Nikamwashiria asubiri, nikawasha kipaza sauti.

"Jamani, kabla hatujaanza. Nimekukoseeni. Yule bibi haitwi Siti."

Vichwa vikageukia gunia mezani.

"Siti kwa Kiarabu cha kwao ni bibi yangu. Mtoto alikuwa akimwita bibi yake, mimi nikadhani jina. Jina lake hasa silijui, halikuandikwa. Na ule mwaliko wa mkate, hakuusema yeye. Niliutunga mimi kwa sababu sikumsikia vizuri. Zeituni pia nilitunga."

"Na mbuzi?" sauti ya Bububu ikauliza kwa huzuni.

"Na mbuzi."

Bwana Muhiddin aligusa mfuko wake wa shati. Nilitamani sakafu inipokee. Bi Sichana akainuka taratibu, mkono kiunoni.

"Kwa hivyo sisi muda wote huu tunamwita bibi wa mtu, bibi yetu?"

"Ndiyo, Bi Sichana."

"Na yeye kwani si bibi?"

"Ni bibi."

"Basi ulichokosea nini?" Akawageukia wenzake. "Jina alikuwa hana, tushampa. Lakini wewe Tabia, mbuzi wa watu usimchinje tena bila ruhusa!"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Daktari Yusri akaniuliza kuna nini, nikamweleza kwa Kiarabu, gunia na jina lake jekundu, kila kitu. Alicheka akavua miwani kuifuta. "Kambini kwetu kila hema lina Sitti," akasema. "Mzigo huu hautapotea." Nikawafasiria, wakapiga makofi. Bwana Muhiddin hakupiga. Alikuwa akinitazama tu.

Mashine ikawashwa. Sijapata kufasiri vile. Sikuongeza chumvi wala sukari. Kwenye nyumba iliyopigwa baruti nilisema tu alichosema mwenye godoro: "Hiki ndicho kilichobaki, niwekee mahali." Mzee Jaku alikuwa ameinama, kashika magoti.

Ukafika mwisho. Bibi akainua uso. Mkwaruzo ule ule. Nikakisogeza kipaza sauti karibu.

"Mtoto anamwambia, bibi, sema na watu. Naye anasema: watu gani? Mimi nakiona chuma tu. Yupo mtu huko anayenisikia?"

Pazia likawa jeupe. Nikawaza, haya, nimeiua filamu kwa mkono wangu.

Hapo kwenye mkeka wa mbele, kwa sauti ile ya mwanamke aliyeitwa na mkubwa wake kutoka chumba cha pili, Bi Sichana akaitika:

"Labeka!"

Nyuma yake wanawake wote, "Labeka!", wazee kwa wasichana. Kisha kutoka upande wa wanaume, sauti nzito, mwanzo peke yake, nayo ilikuwa ya Mzee Jaku: "Naam!" Ikafuatwa na ukumbi mzima. Walikuwa wanaitika kama tunavyofunzwa wote tangu wadogo kuitika tukiitwa na mtu mzima, wala hawakungoja kuambiwa.

Bwana Muhiddin alisimama. Nilijua anakuja kukichukua kipaza sauti. Alinipitia, akafika karibu na pazia tupu, akasema "Naam, bibi," pole pole, kama mtu aliyechelewa. Aliporudi alinitia bahasha mkononi bila hotuba.

Nikakumbuka nina mgeni. Nikageuka nimfasirie Daktari Yusri watu wanasema nini. Alikuwa amesimama, miwani mkononi, macho yamejaa. Akanizuia.

"Hayo nimeyaelewa," akasema. "Hata kwetu huitika hivyo hivyo."

Kisha akaomba kitu kimoja. Alitaka Machano aurudishe mkanda kidogo, pale pale mwishoni, bibi aulize tena.

Machano akaurudisha. Bibi akauliza. Wakamwitika.